Nyasi za Msiba wa Anatolia

Kisiwani, upande wa Muleba
Jumapili, baada ya sala

Kwako Kaka Projestus,

Natumaini karatasi hii itakukuta umekaa kwenye kile kigoda chako cha mlangoni, miguu imepata nafuu na watoto wameshakula. Mimi nipo. Kifua kilinibana kidogo wakati wa mvua, kikaachia chenyewe, kwa hiyo msihangaike nacho. Magoti ya mama yetu yanaendeleaje? Na ule mgomba wa nyuma ya jiko ulioinamishwa na upepo, mliuwekea mti wa kuuegemeza au mmeuacha ulale? Nauliza kwa sababu nakujua, kaka. Wewe ukiulizwa habari za kazi unajibu kesho.

Maneno yako aliyaleta yule mama wa Kagoma anayekuja huku kununua dagaa. Aliyasema mbele ya wateja wangu huku anakunywa chai, na sauti yake unaijua. Kwamba unauliza kwa nini dada yako hakuja kumlilia mkeo Anatolia. Kwamba umesikia nilifungwa. Kwamba watu wa sokoni wana mengine wanayosema, ila wewe hutaki kuyarudia. Nilimshukuru, nikamwongeza chai, nikaendelea kumenya ndizi. Leo nimepata nafasi, naandika kwa mkono wangu toka mwanzo, usije ukayapata vipande vipande kutoka kwa watu wanaopenda kutia chumvi.

Barua yako ya msiba ilinifikia mkiwa mmeshazika. Uliandika mistari michache tu: Anatolia ametutoka, tumemzika kwenye kibanja, migombani, karibu na baba yetu Tata, mwombee. Basi. Boti la kwenda bara lilikuwa limeondoka asubuhi ile ile, na lile jingine lilikuwa limevutwa juu ya mchanga kwa kukosa petroli. Nilishuka ufukweni nikawauliza wenye mitumbwi. Ziwa lilikuwa limechafuka na kila mmoja aliniambia nisubiri. Nikasimama pale na barua mkononi mpaka nikaona watu wanaanza kunitazama, ndipo nikarudi nyumbani.

Sikujua nikae vipi na habari ile. Unakumbuka siku niliporudi kutoka kwa yule mume wangu, na mguu mmoja sina kiatu? Wewe ulikuwa umekwenda Rwamishenye kuuza kahawa. Ni wifi aliyenifungulia mlango. Alinitazama mara moja, akanitandikia, akanipa uji, akaniambia nilale. Mpaka amekufa hakuwahi kuniuliza ilitokea nini kule. Wengine wote mliniuliza, kaka, hata wewe, tena mbele ya wageni. Yeye hakuuliza. Ndiyo maana nilimpenda, na nimeona nilitaje hapa kwa sababu lina kazi yake mbele.

Kwa kuwa kaburi sikuliona, nikaamua msiba niufanye hapa hapa, kama tunavyoufanya kwetu. Nilipanda kilimani nikakata nyasi, nikatoa kitanda nje, nikazitandika chumba kizima, nikalala chini. Jiko la mgahawa nilizima. Kisu sikushika, ndizi sikumenya. Mlango niliurudishia, nikaweka kopo la kahawa ya kutafuna karibu na kizingiti kwa yeyote atakayekuja kukaa na mimi. Nikasali rozari. Nikalia pia, lakini kwa sauti ya chini, maana kuta zetu hapa ni mabua na matope.

Aliyekuja ni mmoja tu, Ta Novatus. Huyu ni mtu wa upande wa Kamachumu, ana nyavu na mitumbwi hapa, na ni mjumbe wa kamati ya kambi hii ya wavuvi. Alipochungulia akaona nyasi, hakuhitaji kuambiwa. Alivua viatu, akaketi chini, akachukua kahawa mbili tatu kwenye kopo, akatafuna. Alisema, “Pole, mwana wa kwetu.” Tukakaa. Kisha akaaga akaenda zake, na mimi nikajisikia kama mtu aliyezikiwa.

Sasa elewa kisiwa hiki kilivyo. Sisi Wahaya hapa ni wa kuhesabu kwenye vidole. Wengine ni Wakerewe, Wajita, Wasukuma, Wajaluo, kila mmoja na msiba wake. Kwa wengi wao mtu akifiwa kilio kinasikika mpaka kisiwa cha pili, watu wanajaa, wanaimba, wanacheza hata ngoma. Mtu anayefunga mlango, anazima jiko na kulala kwenye nyasi, kwao hana msiba. Kwao huyo anaumwa na anajificha. Na wakati huu, mtu anayeumwa akajificha, wanamjua anaumwa nini. Wengine wanasema silimu, wazee bado wanasema Juliana, redio inasema Ukimwi. Kambi hii imezika vijana wengi, kaka. Watu wana hofu mpaka kwenye kikombe cha chai.

Msiba ulipotimia nilinyoa nywele, nikazitoa zile nyasi, nikafungua mlango, nikawasha jiko. Nilikuwa nimekonda, sikatai. Uso ulikuwa umeingia ndani na kichwa hakina hata unywele. Nikakaa kwenye kiti changu nikaanza kumenya ndizi kama kawaida, nikiwaza kwamba wateja watakuja na njaa ya siku nyingi. Walikuja watu wa kamati.

Mbele alikuwa Mzee Magesa, mwenyekiti wa kambi. Si mtu mbaya, nisimseme vibaya. Amekula ndizi zangu tangu nilipofungua mgahawa na hajawahi kunitolea lugha chafu. Nyuma yake walikuwa wanaume wengine wa kamati, na Ta Novatus wa mwisho kabisa.

“Mama Paskazia,” Magesa akasema, “tumekuja kwa wema. Unaumwa?”

“Siumwi.”

“Mbona ulijifungia?”

“Nilikuwa naomboleza. Nimefiwa na wifi yangu, kule Kagoma.”

“Msiba gani hauna watu?”

“Watu wako Kagoma.”

Wakatazamana. Mmoja akasema nimenyoa kwa sababu nywele zilikuwa zinanyonyoka zenyewe. Mwingine akasema niliwahi kuonekana nimelala chini mchana. Magesa akawanyamazisha kwa mkono, akavuta kiti, akaniuliza lile swali ambalo siku hizi linaulizwa katika kila msiba kuanzia Bukoba mjini mpaka Ngenge.

“Huyo wifi yako alikufa na nini?”

Nikamwambia, “Alikufa.”

“Najua alikufa. Na nini?”

“Alikufa, mzee. Basi.”

Kaka, nilimtazama Ta Novatus. Yeye alikaa kwenye nyasi zile na kahawa yangu akatafuna. Ilikuwa ni yeye kusema neno moja tu, kwamba hivi ndivyo Wahaya wanavyofanya wakifiwa, na wote wangekwenda kuvua. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Nilimchukia saa ile, nakuambia kweli. Chuki ilinipanda mpaka masikioni.

Wakasema wanapekua. Niliwauliza wanatafuta nini, Magesa akajibu, “Dawa.” Wakaingia na viatu. Walipindua godoro. Wakafungua sanduku langu la bati na kutoa vitu kimoja kimoja wakiviweka uani, juani: kanga aliyonipa Anatolia, rozari, nguo za ndani, na vile vitambaa vyangu vya mwezi ambavyo nilikuwa nimevifua nikavikunja. Hivyo hawakuvishika kwa mkono. Mmoja alitafuta kijiti akavinyanyua nacho, mbele ya wanawake wanaoanika dagaa na wanaume wanaoshona nyavu. Barua zako pia walizifungua, wakampa anayejua kusoma azipitie. Dawa waliyoipata ni aspirini na vidonge vya malaria vilivyobaki. Wakavichukua kama ushahidi. Wa nini, sijui.

Mimi nilisimama nikaangalia. Nilijiona kama jirani aliyekuja kutazama mwenzake anavyopekuliwa. Nafikiri ilinisaidia.

Kamati ikaamua kwamba nikae mahali pamoja mpaka boti lije, nipelekwe hospitali bara, nitolewe damu, na majibu yaletwe kwa kamati. Kwa kamati, si kwangu. Mpaka hapo nisipike wala nisichanganyike na watu. Mahali penyewe ikawa stoo ya nyavu, ile ya mabati iliyo karibu na gati. Wakaweka kufuli. Hakuna aliyenipiga wala kunitukana, na Magesa alileta mwenyewe mkeka. Aliniambia, “Usituone wabaya, mama. Siku ukisema alikufa na nini, tutajua la kufanya.”

Ndani mlikuwa na nyavu zinazonuka, karabai za kuvulia dagaa, na panya. Joto la mabati mchana lilinipika, na asubuhi nilitetemeka kwa baridi ya ziwa. Nilimfikiria Tata. Unakumbuka wakati wa vita, aliposhikwa na wanamgambo kwa sababu alikuwa anasikiliza redio ya Kiganda? Alifanya kazi Kampala ujana wake wote, angesikiliza lugha gani? Walimweka kwenye ghala la kahawa, wakamwuliza anamtumikia nani. Aliporudi tulimzunguka tukitaka habari, naye akaomba maji ya kunawa. Hakusimulia hata siku moja. Wewe ulisema ni woga. Mimi pia niliamini hivyo. Kule stoo nikajua kwamba mtu akishaulizwa sana na watu wasio na ruhusa ya kumwuliza, kuulizwa kwenyewe kunamchosha, hata aulizwe na mwanawe.

Aliyenilisha ni jirani yangu, Mama Nyangeta, Mjita anayeanika dagaa. Alipitisha chakula chini ya bati, pale palipokuwa na nafasi. Hakuwa na uhakika kama mimi mzima, nilimsikia anavyosukuma bakuli kwa kijiti. Lakini alileta, na kila mara alikaa akazungumza nami.

“Wewe mwanamke una kichwa kigumu,” aliniambia. “Sema malaria. Sema alikufa na uzazi. Utatoka leo leo.”

“Halafu?”

“Halafu unapika, tunakula. Unataka nini kingine?”

Nilifikiri sana maneno yake, maana yalikuwa ya akili. Sikukataa kwa ushujaa. Nilifikiria hivi: neno nitakalolisema hapa litapanda boti. Litashuka bara, litafika soko la Kagoma kabla ya dagaa kukauka. Nikisema malaria, watasema kwa nini amekawia kusema, lazima ni ile nyingine. Nikisema ni ile nyingine, binti yenu Jeneroza ana posa mkononi, na wale wakwe watarudisha maneno bila hata kuaga. Na wadogo zake watasogezewa viti vyao mbali darasani. Lolote nitakalosema, hawa wanaume wataligeuza geuza kwa kijiti kama walivyogeuza vitambaa vyangu. Kifo cha Anatolia hakikuwa changu cha kugawa. Basi nikabaki na lile neno langu moja, kwamba alikufa.

Magesa alikuja mara kwa mara akauliza, nami nikajibu hivyo hivyo, mpaka nafikiri tulizoeana.

Siku moja mchana Ta Novatus alikuja nyuma ya stoo, akajifanya anakagua mtumbwi. Alizungumza Kihaya, kwa sauti ya chini, bila kuelekea kwangu.

“Unanilaumu,” akasema.

“Ndiyo.”

“Ningesema ni msiba, wangeniuliza umejuaje. Ningesema nilikuja kukaa kwenye nyasi. Wangesema, basi na wewe ulikula naye kahawa. Wangeanza na kwangu.” Akapapasa ubavu wa mtumbwi. “Mama watoto wangu yuko Kamachumu. Haamki kitandani.”

Ile chuki ikashuka, si yote, lakini ikashuka. Nilitaka kumwuliza mkewe anaumwa nini. Swali lilifika hadi kwenye meno, kaka, nakuapia. Nikalirudisha.

“Mpe pole,” nikamwambia. Akaondoka.

Sasa nilivyotoka. Usidhani kuna mtu alikwenda kunitetea. Boti la bara lilipofika liliwaleta bwana samaki na hakimu wa mahakama ya mwanzo. Walikuwa na kesi yao ya makokoro, maana wenye nyavu wawili walikuwa wanagombea moja, na lile kokoro lenyewe lilikuwa ndani ya stoo. Walikuja kukagua nyavu wakanikuta mimi. Kufuli lilipofunguliwa mwanga uliniumiza macho. Nilimwona mwanamume mfupi mwenye miwani na koti, jasho linamtiririka, anaangalia nyavu, ananiangalia mimi, anaangalia tena nyavu.

“Huyu ni kielelezo au ni mshtakiwa?” akauliza.

Hakuna aliyecheka, kasoro mimi. Kicheko kilinitoka tu.

“Hana kosa, mheshimiwa,” Magesa akasema. “Tunamhifadhi. Anasubiri boti hili hili akatolewe damu.”

“Hana kosa, na mmemfungia kufuli.”

“Ni uamuzi wa kamati.”

Hakimu akatafuta pa kukaa, akapata tenga la samaki, akaligeuza akakalia. Aliongea taratibu kama mwalimu aliyechoka. Alisema siku hizi haki za binadamu zimeandikwa ndani ya Katiba ya nchi. Kwamba mtu hakamatwi wala hafungiwi ila kwa sheria na kwa utaratibu wake, akaambiwa kosa lake na kupelekwa mahali panapostahili, na kwamba kamati ya kambi si mahali hapo. Kwamba nafsi ya mtu, nyumba yake, familia yake na barua zake vina hifadhi, hata serikali haiingii humo inavyotaka, sembuse wavuvi. Na damu ya mtu, majibu yake ni yake. Akauliza nani amefungua sanduku la huyu mama. Akauliza nani amesoma barua zake. Yule aliyesoma akasogea nyuma ya mwenzake.

Magesa hakunyamaza. Alisema jambo ambalo nimekuwa nikilifikiria tangu siku ile. “Mheshimiwa, mimi nimezika hapa watoto wa watu ambao hata kwao sikujui. Hiyo Katiba inamhifadhi huyu. Sisi tunaokufa inatuhifadhi wapi?”

Hakimu alivua miwani akaifuta. Alisema mnayo haki ya kufundishwa ugonjwa huu unavyoingia na usivyoingia, na haki ya kutibiwa, na mkinyimwa mpige kelele mpaka wilayani. Lakini hamtaipata kwa kumfungia mpika ndizi kwenye stoo, kwa sababu haambukizi mtu kwa ndizi. Magesa akaitikia kwa kichwa. Sidhani kama aliridhika. Hata mimi sikuridhika sana, kaka. Nilimwambia hakimu kwamba maneno yake ni mazuri, ila yalichelewa boti. Akasema, “Ni kweli, mama.”

Nilikwenda nyumbani nikaoga. Vitu vyangu vilikuwa vimerudishwa ndani vikiwa vimerundikwa kwenye kona. Kanga ya Anatolia ilikuwa imepauka kwa jua upande mmoja, na niliifua hata hivyo. Kisha nikawasha jiko nikapika ndizi na sato, kwa sababu sikujua kazi nyingine ya kufanya. Hakuna aliyekuja kula isipokuwa hakimu. Nafikiri alikuja makusudi ili watu wamwone. Alikula vizuri, akasifia, akaomba chumvi. Kisha, huku anatoa mwiba mdomoni, akaniuliza kwa upole kabisa:

“Pole sana kwa msiba, mama. Kwani huyo wifi alikufa na nini?”

Nilimtazama. Nikamwambia, “Mheshimiwa, si umetoka kusema sasa hivi?”

Aliacha kutafuna. “Nisamehe,” akasema. “Mdomo umezoea.” Nikamwongeza ndizi, akazimaliza zote. Simcheki. Nimekuambia nami swali lile lilinifika kwenye meno.

Hayo ndiyo yaliyonipata. Tangu hapo wateja wamerudi kidogo kidogo. Mama Nyangeta anakuja na bakuli lake mwenyewe, ananiambia ni kwa sababu la kwangu lina ufa, nami nakubali kwamba lina ufa. Mzee Magesa anamtuma mtu kuchukua chakula, yeye haingii bado. Hakuniomba radhi wala sidai. Ila kufuli la stoo amelipeleka kwake na stoo sasa inafungwa kwa kamba. Ta Novatus alikuja mchana kweupe, siku ya mnada wa samaki, watu wamejaa. Aliketi chini mlangoni kwangu, akaomba kopo la kahawa. Nikampa. Akatafuna moja baada ya nyingine, taratibu, huku kila anayepita anamwona, na wanakamati wenzake wanamwona. Tangu siku hiyo watu wanakaa tena kwenye mabenchi yangu. Mkewe alifariki juma lililopita. Nilimkatia nyasi nikampelekea.

Ninyi huko, mkisikia wanasema nina silimu, msigombane na mtu kwa ajili yangu. Kama nitapima, nitakwenda kwa miguu yangu mwenyewe, na majibu nitayabeba mwenyewe.

Msalimie mama yetu, mwambie dawa ya magoti nitaituma na boti la samaki. Msalimie Jeneroza, mwambie shangazi yake anakuja kumfundisha mambo ya ndoa na asiwasikilize wanawake wa bombani. Wale wadogo wawili wape pipi, waambie zimetoka ziwani. Msalimie katekista wetu kwa sala ambazo nasikia alimwombea wifi, na yule jirani wa ng'ambo ya kibanja aliyewasaidia kuchimba kaburi. Ziwa likitulia nitakuja, na naomba nyumba iwe na nyasi mpya, nilale chini hata usiku mmoja, hapo alipolala yeye.

Limebaki jambo moja, kaka. Watu wote hapa, Magesa, hakimu, hata Mama Nyangeta aliyenilisha, wanaamini kwamba kule stoo nilikuwa naficha kitu. Wanasema yule mwanamke anajua ila mdomo wake mgumu. Wewe unajua kwamba sikuwa na kitu. Uliniandikia kwamba ametutoka na mmemzika, hukuandika alikufa na nini. Sikujua wakati ule. Sijui hata sasa ninapoandika.

Sikuulizi. Ukitaka kuniambia siku moja nitasikiliza, na usipotaka tutakunywa rubisi tuzungumze habari za mgomba wako. Ila wewe mwenyewe ukianza kuumwa, Projestus, niandikie neno moja tu, naumwa. Hilo linatosha. Nitakuja, nitakutandikia, nitakupa uji, nami sitakuuliza lolote.

Ni mimi mdogo wako,
Paskazia